UZI: Just Cause 3, milipuko mitamu lakini loding imenila pesa. Tuongee ukweli

#1 MtuWaBarani (Malindi)

Salam aleikum wadau. Najua hii gemu ni ya kitambo, ilitoka tarehe 1 Disemba 2015 na wengi wenu mshaimaliza mkaifuta kwa diski mkaendelea na maisha yenu, lakini wiki ilopita kuna mtu kwa grupu letu alisema ati Just Cause 3 ndo gemu bora ya fujo kuwahi kutengenezwa na asiyekubali hajui gemu. Nikamwambia ngoja nifungue uzi. Haya, nimefungua.

Nianze na sifa manake sitaki mseme nina chuki. Hao Avalanche Studios, asili yao Stockholm huko Sweden, kuna kitu kimoja walikijua vizuri sana, kumrusha mtu hewani. Rico, yule jamaa unayemchezesha, ana kulabu mkononi, ana parachuti zisizokwisha, na safari hii wakamvalisha na nguo ya mbawa. Unarusha kulabu kule mbali kwa paa inakuvuta, ukishika kasi unafungua mbawa, ukianza kushuka unarusha kulabu tena chini inakuvuta upya, unafungua parachuti unapanda, unafunga, mbawa tena. Siku ya kwanza utajigonga kwa kila jabali. Siku ya tatu unapita chini ya daraja unachomoka upande wa pili na bado hujakanyaga ardhi. Tangu nijue hio kitu sikutaka tena kupanda gari lolote mle ndani, na magari wametengeneza mengi kweli kweli, sasa sijui waliyatengenezea nani.

Halafu kamba. Unabandika ncha moja hapa, ncha ya pili pale, unashikilia kitufe zinavutana. Kuna sanamu za yule jenerali wao Di Ravello kila mji. Mimi yangu ilikuwa hivi, ncha moja kwa kichwa cha sanamu, ya pili chini kwa sakafu ya uwanja, unavuta polepole, unaona shingo inaanza kuinama kama mzee anasinzia kwa hotuba, vumbi linatoka, alafu kiwiliwili kinakatika juu kote kunakuja chini kwa kishindo. Hio nakubali. Hio ningelipia.

Sasa tuje kwa kulipia. Mara ya kwanza sikuicheza nyumbani, niliicheza kwa kibanda cha gemu hapa hapa Malindi, sitaji ni kipi manake mwenyewe bado ananidai. Pale mpira unalipa kwa mechi. Hizi gemu za kuzurura unalipa kwa saa, soo moja, yaani shilingi mia, na jamaa anaweka alamu kwa simu yake dakika ile anakukabidhi padi. Sio dakika gemu inafunguka, dakika anakukabidhi padi. Basi unawasha, nembo, nembo ingine, inatafuta seva, pale hakuna intaneti, inalalamika haioni seva, unaiambia nataka kucheza bila mtandao, ndo inaanza skrini ya loding, ile ya kungoja gemu ipakie. Unaingia misheni, unakufa, loding. Unarudi, unakufa tena kwa ujinga, loding. Siku moja nilihesabu kwa saa ya ukutani, katika saa nzima niliolipia, dakika kumi na saba nilikuwa nimekaa naangalia loding kama mtu anangoja feri. Nikamwambia kaka hizi dakika nifidie basi. Akanijibu bila hata kugeuka, "kwani loding haitumii stima?"

Na ukishaingia unafanya nini? Mji wa kwanza vunja sanamu, vunja mabango, vunja spika, vamia polisi, pandisha bendera. Mji wa pili vunja sanamu, vunja mabango, vunja spika, polisi, bendera. Ukifika wa ishirini unafanya kama mtu anafagia uani. Na huwezi kusema basi naacha nafuata hadithi, manake hadithi yenyewe inakufungia mlango, inakwambia nenda kakomboe mkoa fulani kwanza ndo urudi. Ukirudi unapewa nini? Kulinda gari. Jamaa ana mbawa, ana roketi begani, ati alinde gari lisilipuliwe. Ndani ya gemu ya kulipua.

Haya, nimemaliza. Nitupieni mawe.

#2 MlipuajiSugu

Mimi ndo yule wa grupu na bado nasimama pale pale. Wewe ulicheza vibaya kaka. Hio gemu haichezwi kwa kufuata orodha. Ulipewa uwanja wa kilomita mraba kama elfu moja, mabomu ya kubandika hayaishi, ng'ombe wako huko malishoni, na wewe ukaenda kuhesabu mabango. Mimi nilimfunga ng'ombe kwa tangi la gesi, tangi kwa helikopta, nikalitoboa tangi nikakaa kando. Jioni nzima ikaenda hapo. Hakuna orodha iliyoniambia nifanye hivyo.

#3 MtuWaBarani

Jioni nzima kwa soo kwa saa?

#4 MlipuajiSugu

Kwangu nyumbani bana. Hapo sasa unalaumu gemu kwa umaskini wako 😂

#5 FundiSimu_Maweni

Hapo kwa loding mwacheni, ana haki, na si yeye peke yake, konsoli zote mbili watu walilia tangu wiki ya kwanza mpaka wakaleta pachi ya kujaribu kupunguza. Ntaeleza kifundi kidogo manake naona watu wanasema tu "gemu mbovu" bila kujua ubovu unatoka wapi.

PS4 na Xbox One za mwanzo zilikuja na diski ya kuzunguka, ya GB 500, ile ya spidi ya chini kama ya laptop za bei rahisi. Ramani kubwa kama ile inabidi isomwe kutoka huko. Hio ndo loding yako. Kitu cha pili ni prosesa. Zote mbili zina kokwa nane za AMD za aina ya Jaguar, ambazo hata siku ile zinatoka zilikuwa dhaifu. Grafiki zikawa sawa, lakini ukilipua daraja, kila kipande kinachoruka lazima kipigiwe hesabu kinaangukia wapi, kinagonga nini, na hicho kilichogongwa kinalipuka au hakilipuki, na hesabu nyingi za namna hio zinabebwa na prosesa. Walikusudia picha 30 kwa sekunde. Ukilipua besi nzima kwa pamoja, hizo 30 husahau, inakokota kama mkokoteni kwenye mchanga. Yaani kile kitu gemu inajivunia ndo hicho hicho kinaiua pumzi. Mimi naona hilo ndo kosa kubwa kuliko miji kufanana.

Mwenye PS4 bado, toa hio diski weka SSD, ile diski ya kasi isiyozunguka, si kazi ngumu, kifuniko kinafunguka na skrubu ziko chache. Loding haitaisha lakini utaona tofauti. Kwa kompyuta ilikuwa afadhali zaidi sema walitaka RAM ya GB 8 kwa uchache, na mwaka 2015 niambie nani mtaani alikuwa na 8.

#6 BintiWaShela

Ngoja nicheke kwanza hapo kwa "kama mtu anangoja feri".

Miye nimecheza Just Cause ya 2, ya 3 na ya 4, na ninawaambia ya 2 ndo ilikuwa gemu. Machi 2010, kisiwa cha Panau. Ndo ile iliyoleta kufunga vitu viwili kwa kamba. Kakangu aliileta kwa CD ya kuchomwa tukaenda nayo kwa saiba, kumbe mashine zote za pale ni Windows XP na hio gemu XP haikubali kabisa, lazima Vista kuenda mbele. Tukarudi nyumbani na CD yetu. Mwaka mzima tuliiangalia tu jalada lake. Labda ndo sababu naipenda, sijui.

Lakini la kusema kweli, ya 3 mbawa zake hazina mfano. Ninachowalaumu ni kufungia vitu vizuri ndani ya mashindano. Unataka kamba zako zivute kwa nguvu zaidi, nenda kashindane. Unataka mbawa ziwe na nguvu, nenda ukapite kwenye vile viduara hewani mpaka upewe gia za kutosha, zile alama za ushindi. Mimi sikununua gemu ya kupita viduara. Unipe kamba zangu zote siku ya kwanza niende nikafanye fujo zangu.

#7 NahodhaMdogo (Amu)

Salaam kutoka Amu. Yeo nimeamka nikaona uzi huu nikasema hapa lazima nitie neno, manake nyote mwasema magari na besi, hakuna aloisema bahari.

Gemu yenyewe ni visiwa. Medici, hio nchi ya mle ndani, ni visiwa! Na bahari wameifanya kama sakafu ya simiti ilopakwa rangi ya samawati. Miye nimekulia ndani ya mashua, babangu nahodha, na nawaambia ile bahari imekufa. Haijai wala haipwi. Asubuhi maji yako pale, jioni pale pale. Huku kwetu ukitaka kupita mkondo wa Mkanda lazima ujue maji yako vipi, yakiwa yamepwa hupiti, utakaa hapo na abiria wako mkitazamana na mikoko mpaka yajae. Yule Rico anapita popote saa yoyote. Na hakuna tanga hata moja la maana, ni boti za mashine tu zinaruka ruka juu ya maji kama jiwe la kurusha. Ukikata kona kwa kasi ile kwenye mkondo wa kweli, chombo kinalala ubavu.

Halafu gari! Gari, gari, gari. Huku Amu gari ni za kuhesabu kwa vidole, mjini ndia zenyewe punda wawili wakikutana mmoja lazima angoje. Wangetuwekea gemu ya hivi ndani ya Amu ingekuwaje? Kulabu juu ya dari za mkandaa, mbawa mpaka Manda. Hapo ningelipa soo mbili kwa saa sina neno.

#8 PizzaMoto_MLD

Nahodha kwa kupwa na kujaa hapo umekosea ndugu yangu, na hapo mimi ntawatetea waliotengeneza. Nimefanya kazi kwa mahoteli ya Wataliano hapa Malindi miaka tisa. Medici imechorwa kwa mfano wa bahari ya Mediterania, na kule kwao maji hayapwi kama huku, sehemu nyingi tofauti haifiki hata nusu mita. Huku kwetu bamvua inapita mita 3. Mgeni wa Kitaliano siku yake ya kwanza hapa anaamka asubuhi anaangalia ufuo, maji yameondoka mpaka miamba iko nje, anakuja mapokezi amevaa kaptura ya kuogelea na taulo begani kuniuliza bahari imeenda wapi. Wallahi sio mmoja, ni wengi. Unamwambia rudi saa nane, itakuwa imerudi. Anakuangalia kama unamfanyia mzaha. Kwa hio bahari ya Medici kutulia vile, hapo waliweka sawa.

Nilikosana nao kwa lugha. Nilivyosikia gemu imefanana na Italia nikasema hii ni yangu, mimi Kitaliano nakiongea kuliko Kingereza, na hapa mjini siko peke yangu, mpaka wauza maembe wa ufuoni wanajua kubembeleza bei kwa Kitaliano. Naingia naona ramani imeandikwa "Citate Di Ravello". Citate! Mji kwa Kitaliano ni città. Visiwa wameviita Insula, hio ni Kilatini cha kanisani. Nikawa nasoma kila kibao barabarani nasahihisha kama mwalimu, kijana wangu akaniambia baba endesha gari. Baadaye ndo nikaelewa ni nchi ya kubuni na lugha wamechanganya makusudi, sawa, lakini wenyeji wote wanaongea Kingereza cha lafudhi ya kulazimisha, yaani kama mtu anamuigiza Mtaliano kwa harusi. Mario, yule rafiki yake Rico, nilikuwa nikimsikia napunguza sauti.

Mandhari lakini, hongera. Mashamba ya alizeti, vijiji vya mawe juu ya kilima, ile rangi ya jua saa kumi na moja jioni. Kuna mgeni wangu mmoja wa zamani alinitumia picha za kijijini kwao, ningekwambia ni Medici ungekubali.

#9 NahodhaMdogo (Amu)

Nusu mita tu? Subhanallah. Sasa wao husafisha vyombo vyao vipi chini, kama maji hayapwi?

#10 PizzaMoto_MLD

Wanavivuta juu kwa mashine ndugu yangu. Na wanalipia.

#11 MlipuajiSugu

Jamani uzi umeenda kwa mashua sasa. Turudini.

#12 Mzee_wa_Ngomeni

Vijana hamjambo. Mjukuu wangu amenionyesha huu mjadala, na kwa kuwa mwataja milipuko na Wataliano nami nikaona niwasalimu.

Hii gemu nimeiona, anaicheza hapa nyumbani sebuleni mpaka nashindwa kusikiliza taarifa. Nawaambia kisa kimoja. Tarehe 12 Disemba 1970, miye nilikuwa kijana mdogo hapa Ngomeni. Kule baharini Wataliano walikuwa na jukwaa lao, San Marco, na siku hio wakarusha roketi ilobeba setelaiti ya Wamarekani. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru wakaiita jina hilo hilo la Kiswahili, Uhuru, na jina hilo wanalo mpaka leo vitabuni mwao. Mtu alijua siku zile itaruka, watu wakawa wanangoja. Moto mmoja tu chini yake, halafu ngurumo ikatufikia baadaye kidogo, tushaiona inapanda ndo twaisikia. Kwisha. Basi. Hiyo nimeisimulia miaka yote hii, na huyu mjukuu ameisikia mpaka anaimaliza yeye.

Sasa yeye analipua mia jioni moja. Kesho yake namuuliza, jana ulilipua nini? Hakumbuki.

#13 MtuWaBarani

Shikamoo mzee wetu. Hapo umenipiga ubavuni kabisa. Mia kwa jioni moja na hakumbuki. Mimi mwenyewe nikijaribu kukumbuka besi ngapi nimelipua naona moshi tu, nakumbuka ile sanamu na nakumbuka kitu kimoja kingine ntawaambia.

#14 Mzee_wa_Ngomeni

Marahaba mwanangu. Na lipa deni la watu.

#15 BintiWaShela

😂😂😂 Mzee ameona yote.

#16 JiraniWaMtangani

Nimesoma hapa kimya kimya nikasema hakuna atakayeitaja ya 4? Ilitoka Disemba 2018, nchi ya Solís, Amerika Kusini, na waliweka kimbunga. Kimbunga kinachotembea kinabeba magari na mapaa. Mimi nilinunua kwa sababu ya kimbunga peke yake.

#17 FundiSimu_Maweni

Kimbunga ni kizuri kwa tangazo. Ukikiona mara mbili tatu kwa misheni basi. Na maji ya ya 4 mlikumbuka? Watu waliyaweka pembeni na ya 3 wakauliza jamani tunaenda mbele au tunarudi nyuma. Loding waliitengeneza lakini, hilo niwape, inaingia haraka kuliko ya 3 kwa mashine hio hio. Na kamba wakaziongezea maputo ya kunyanyua vitu na vile viroketi vya kusukuma, unaweza kumbandika mtu maputo akaenda zake juu mpaka asionekane. Kwa kuchezea tu hii ni nzuri kupita ya 3.

#18 BintiWaShela

Sema wakaondoa utamu wa kukomboa mji. Ya 4 unasukuma mstari kwa ramani, askari wako wanasonga, mji unakuwa wako na wewe hujavunja hata bango. Yaani MtuWaBarani alilalamika miji inafanana, wakamsikia, wakaondoa miji 😂 Mimi niliiacha katikati. Mpaka leo sijui yule Espinosa, mtawala wa Solís, alikuwaje mwishoni na sina haja.

#19 MlipuajiSugu

Haya mnaona sasa? Mlilia kuhusu orodha, ikaondolewa, mkalia hakuna orodha. Wapinzani wa kila kitu nyinyi.

#20 MtuWaBarani

Hapana MlipuajiSugu, hapo ngoja, na hapa ndo nataka nikwambie hicho kitu kingine manake umenikera lakini pia umenifikirisha.

Baada ya yale mambo ya kibandani nikaona basi, ninunue yangu. Nikapata diski ya mtumba, PS4 ya kaka yangu iko bure usiku, hakuna alamu, hakuna mtu anadai. Nikasema sasa ntaicheza unavyosema wewe, bila orodha, fujo tu. Siku ya kwanza nilikesha. Siku ya pili nikafunga ng'ombe kwa helikopta, nikacheka peke yangu, nikageuka nyuma. Hakuna mtu. Siku ya tatu nilizima saa tatu usiku nikalala. Diski iko pale kwa kabati mpaka leo, juu yake kuna chaja na panado.

Nikaanza kujiuliza mbona kibandani nilikuwa nalipa na loding juu na bado narudi kila Ijumaa. Kibandani kuna benchi. Padi moja, watu sita nyuma yako. Gemu yenyewe ni ya mchezaji mmoja, kwa hio tukaweka sheria, zamu kwa kufa. Ukifa unapitisha padi. Sasa hebu fikiria, kila mtu anataka afanye kitu ambacho hajafanya mwenzake, manake kulipua tangi kila mtu ameona, benchi halishtuki tena. Kuna kijana mmoja mwembamba, wa kidato cha tatu hivi, hakuwa na pesa ya kuchangia, tukampa zamu ya bure kwa huruma. Akaruka kutoka kwa ndege, akafungua mbawa, akakataa kufa. Hakupigana na mtu. Dakika ishirini yule mtoto anapita juu ya bahari karibu na maji kabisa, anagusa na kulabu pwani, anapanda mlima, anashuka, anapita kati ya nguzo za daraja, na sisi nyuma tumenyamaza. Mtu mmoja tu ndo alikuwa anasema "polepole... polepole..." kama vile yeye ndo yuko hewani. Mwishowe akajigonga kwa mnara wa kanisa akafa. Kelele zilizopigwa pale, jirani wa kuuza chapati alikuja kuuliza kuna nini.

Na unajua ikawaje? Loding. Ile loding ndefu. Na hakuna aliyelalamika, manake muda wote huo kila mtu alikuwa anamsimulia mwenzake kile ambacho wote tumekiona.

Kwa hio hasira yangu bado ninayo. Miji inafanana, misheni za kulinda gari ni upuuzi, inakokota. Hawa watu walitengeneza gemu ya benchi wakaiuza kama gemu ya mtu mmoja kukaa usiku na orodha. Na hio mipango ya mtandao walioweka ilikuwa ya nini? Kushindanisha pointi na mtu simjui, ati fulani wa Brazil ameruka mita nyingi kuliko wewe. Simjui! Mimi nataka kumshinda huyu hapa nyuma yangu anayenukia viazi karai.

#21 FundiSimu_Maweni

Hapo kwa mtandao nakuongezea. Wapenzi wa kompyuta walijitengenezea wenyewe ya wengi kwa pamoja, kwanza kwa ya 2, ikaja rasmi kwa Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, Disemba 2013, halafu kwa ya 3 pia. Mamia ya watu kwa kisiwa kimoja wanafungana kamba. Wenye gemu hawakufanya, walifanya mashabiki usiku kwa bure. Kwa hio kuna wengine waliona unachokiona.

#22 NahodhaMdogo (Amu)

Nimeupenda huo mkasa wa kijana. Alipita karibu na maji? Basi labda ile bahari nayo imetulia kwa sababu yake, ingekuwa na mawimbi angekufa mapema.

#23 PizzaMoto_MLD

Bravo nahodha. Umetubu.

#24 NahodhaMdogo (Amu)

Sijatubu. Tanga bado hakuna.

#25 JiraniWaMtangani

Mimi swali langu dogo tu, nyinyi wa kulabu na sanamu, siku mkipewa ile kamba kweli kweli, mnara wa Vasco da Gama mtauacha? 😅 Nauliza manake nauona kutoka barazani kwetu.

#26 PizzaMoto_MLD

Uacheni, mimi ndo nawapeleka wageni pale. Msinimalizie riziki.

#27 MlipuajiSugu

Sasa MtuWaBarani naona umekubali kwamba gemu ni tamu.

#28 MtuWaBarani

Nimekubali benchi ni tamu. Soma vizuri.

#29 MlipuajiSugu

Sawa. Basi tusibishane kwa maandishi. Ijumaa baada ya isha tukutane, padi moja, zamu kwa kufa, na mimi nawaonyesha ng'ombe. Nahodha kama una safari ya huku pitia.

#30 NahodhaMdogo (Amu)

Nina mzigo wa kuchukua Malindi hio hio wiki. Nikivuka Mokowe asubuhi napanda basi, jioni niko kwenu inshallah. Mniwekee zamu.

#31 BintiWaShela

Mimi siwezi kuja kukaa benchi la wanaume sita saa hizo, babangu atanilipua mimi. Mtupigie video mrushe hapa. Na mkimuona yule kijana wa kidato cha tatu mumpe padi kwanza.

#32 FundiSimu_Maweni

Nakuja na SSD mfukoni. Mwenye kibanda akikubali nambadilishia bure, loding ipungue. Kibanda kipi lakini? Isiwe kile unachodaiwa.

#33 MtuWaBarani

Ni kile kile, ndo chenye benchi refu. Soo mbili zake namlipa mlangoni mzee wa Ngomeni asinikasirikie. Ila safari hii nakuja na saa yangu mwenyewe.